Chumba kimoja, kitanda na cherehani

Katika sebule nyingi za Dar es Salaam utaikuta cherehani iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa kuna chombo cha maua au picha ya harusi. Ilinunuliwa kwa fedha za kikoba, au alipewa binti alipomaliza kozi ya ushonaji VETA, na miezi ya mwanzo iliimba kutwa. Kisha ikanyamaza. Ukiuliza sababu, wengi hutaja nafasi: nyumba ndogo, watoto wengi, wakipata chumba cha ziada wataanza upya.

Naliheshimu jibu hilo, lakini naamini nafasi inasingiziwa. Kinachoua ufundi wa nyumbani ni dakika. Chukua mama mwenye saa moja na nusu mikononi, kati ya kuosha vyombo vya mchana na watoto kurudi kutoka shule. Nusu saa inaishia kwenye kusogeza meza, kutafuta mkasi na kuinua mashine kutoka uvunguni. Nusu saa nyingine ni ya kurudisha vitu mahali pake kabla baba hajaingia na wageni. Muda wa kushona unabaki nusu saa tu, na kwa nusu saa hata zipu moja haitulii. Baada ya siku chache kama hizo mtu yeyote angeifunika mashine yake.

Kwa hiyo kipimo ninachokupa, msomaji, ni kimoja: kona yako ikuwezeshe kuanza kazi ndani ya dakika tano, na kuifunga ndani ya dakika tano. Rafu, makabati na mapambo yanayoonekana mitandaoni hayana maana kama hayapunguzi dakika hizo. Na jambo la kutia moyo ni kwamba karibu kila kinachozipunguza kipo tayari nyumbani mwako au kwa seremala wa mtaani.

Ufundi wa kwetu ulizoea kubebeka

Wazo kwamba ufundi unahitaji chumba chake ni geni pwani hii. Unguja na Pemba, wanawake husuka ukili barazani, wakizungumza. Ukili ni ule ukanda mrefu mwembamba wa miaa ambao baadaye hushonwa mmoja kando ya mwingine hadi ukawa mkeka. Msukaji huukunja kwa duara kadiri unavyorefuka, akauweka kapuni pamoja na miaa iliyoloweshwa ili ilainike, akaenda nao kwa jirani au kliniki ya watoto. Anapopata kituo, mkono unaingia kapuni na kazi inaendelea pale ilipoishia.

Mshona kofia wa Lamu au wa Mji Mkongwe anafuata utaratibu huohuo. Kofia ya mkono ina sehemu mbili, duara la juu na ukanda wa pembeni, na kila moja hutariziwa peke yake kabla ya kuunganishwa. Kazi inayoweza kuchukua miezi inakaa kwenye mfuko wa kanzu. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga naye, alipoanza kuchora Oysterbay mwishoni mwa miaka ya 1960, hakuwa na studio. Alikuwa na vipande vya hadibodi na rangi ya mafuta, ile ya kupaka baiskeli. Kipimo kilichozoeleka cha picha za mtindo wake, sentimita 60 kwa 60, ni ubao unaokaa mapajani na kubebwa kwapani. Karatasi moja ya hadibodi ya futi 8 kwa 4 inatoa vipande vinane vya namna hiyo.

Wote hawa wanakutana mahali pamoja: vifaa vya kazi moja vinakaa pamoja, na kazi inaweza kusimama bila kuvunjwa. Cherehani peke yake ndiyo inayokataa kubebwa. Ipe mahali pa kudumu, hata kama ni hatua mbili za mraba, kisha vingine vyote uvipange kwa desturi ya kapu la ukili.

Kwanza mwanga

Wapangaji wengi wa Dar es Salaam wanaishi katika nyumba za Kiswahili: ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, ua nyuma. Chumba kina dirisha moja, na mara nyingi kitanda ndicho kilichowekwa chini ya dirisha hilo. Ningekuwa na ruhusa ya kubadili jambo moja tu katika chumba chako, ningehamisha kitanda. Anayelala hahitaji mwanga. Anayetunga uzi sindanoni anauhitaji kuliko kitu kingine chochote.

Weka cherehani ili dirisha liwe upande wako wa kushoto. Sababu iko kwenye umbo la mashine yenyewe: nguzo yake inasimama kulia kwa sindano, hivyo mwanga unaotoka kulia unazibwa na nguzo na kivuli kinaangukia pale unapopashona. Kwa anayetarizi au kufuma kwa mkono wa kulia kanuni ni hiyohiyo, maana mkono hautupi kivuli juu ya kazi. Anayetumia mkono wa kushoto kwa kazi ya mkono ageuze. Tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo tuna takribani saa kumi na mbili za mwanga wa bure kila siku, masika na kiangazi. Zitumie kwa mpangilio: kukata, kupima na kushona kitambaa cheusi kwa uzi mweusi ni kazi za mchana. Kukunja pindo la kitambaa cheupe, kufungua mshono, kushikiza vifungo, hizo zinaweza kusubiri usiku.

Kwa usiku, nunua taa ndogo ya mezani inayopinda shingo, uiinamishe hadi karibu na sindano. Taa ya darini hata ikiwa kali inakufanya ushone ndani ya kivuli cha kichwa chako mwenyewe.

Hapa niseme jambo kuhusu LUKU, kwa sababu hofu ya umeme imewafanya akina mama wengi wafungie mashine zao, na katika nyumba zenye mita moja imeleta ugomvi kati ya wapangaji. Cherehani ya umeme ya nyumbani hutumia wati 100 hivi. Uniti moja ya umeme ni wati 1,000 kwa saa moja. Yaani unaweza kukanyaga mashine saa kumi mfululizo ndipo umalize uniti moja, na hakuna anayeshona bila kupumzika. Taa ya LED ya wati 9 inawaka zaidi ya saa 100 kwa uniti hiyohiyo. Mlaji mkubwa ni pasi: yenye wati 1,000 inaweza kumaliza uniti nzima kwa saa moja ya kuwaka mfululizo, ingawa joto likifika hujikata na kujiwasha. Mshoni anayewasha pasi kila baada ya mshono mmoja ndiye anayelipa. Kusanya vipande, shona yote yanayoweza kushonwa, kisha piga pasi kwa mkupuo. Mweleze hivyo na mwenzako mnayechangia naye mita, kwa hesabu hizi.

Anayetumia pasi ya mkaa aipigie uani au barazani. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu wamekufa kwa hewa hiyo.

Cherehani ya miguu nayo ina heshima yake. Umeme ulipokuwa wa mgawo mwishoni mwa 2023, walioendelea kutimiza ahadi kwa wateja ni waliokuwa nayo. Kasoro yake katika nyumba ya kupanga ni mtikisiko unaopita sakafuni hadi chumba cha jirani. Kata kandambili zilizochakaa, weka kipande cha mpira chini ya kila mguu wa mashine. Mlio unapungua, na mashine haitembei.

Ubao mmoja, kazi mbili

Kukata kitambaa sakafuni ni desturi ya wengi na ndiyo inayomaliza migongo. Kitandani ni afadhali kidogo, ila godoro linabonyea na mkasi unapotoka kwenye mstari. Suluhisho la bei nafuu ninalolijua ni nusu karatasi ya plaiwudi. Karatasi nzima ni futi 8 kwa 4. Mwambie seremala aikate katikati upate vipande viwili vya futi 4 kwa 4, kimoja chako, kingine umuuzie au umpe fundi mwenzako mliyechangia naye. Upana wa kitenge ni inchi 45 hivi, na ubao wako una inchi 48, kwa hiyo kitenge kinatandikwa kwa upana wake wote bila kukunjwa. Kanga, yenye sentimita 110 hivi upande mfupi, nayo inaenea vizuri.

Lainisha kingo kwa msasa ili zisikwaruze kitambaa. Upande mmoja uache wazi kwa kukatia. Upande wa pili utandike blanketi kuukuu lililokunjwa mara mbili, ulifunike shuka la pamba, ulivute na kulipigia pini za seremala pembeni: hiyo ndiyo meza yako ya kupigia pasi. Kazi ikiisha ubao unaegemezwa nyuma ya mlango na haudai chochote chumbani.

Ubao huu hukaa juu ya meza ya chakula, ambayo kwa kawaida ina kimo cha sentimita 75. Hicho ni kimo cha kukaa. Anayekata akiwa amesimama anahitaji sentimita 85 hadi 95, kutegemea urefu wake. Seremala aliyekukatia ubao anaweza kukutengenezea vipande vinne vya mbao vyenye kitundu cha kuingia mguu wa meza, viiinue meza kwa kiasi kinachopungua. Ni kazi ya masalia ya mbao, na mgongo utakushukuru kwa miaka.

Kimo kinasumbua pia kwenye kushona. Cherehani ya miguu imezamishwa kwenye meza yake, uso wa kazi uko sawa na ubao. Ile ndogo ya umeme hukaa juu ya meza, hivyo kitambaa kinapanda juu zaidi na mabega yanapanda nacho. Ukimaliza siku ukiwa na maumivu shingoni, tatizo huenda liko hapo. Kaa juu ya mto mgumu uliojazwa vipande vya nguo, na kama miguu inaning'inia iwekee tofali chini. Kiti cha plastiki kinafaa ikiwa mgongo unafika kwenye egemeo. Stuli isiyo na egemeo iache kwa mteja anayesubiri.

Uvungu, ukuta na yale yanayotupwa

Chumba cha kupangisha kina ghala moja kubwa ambalo halitumiki vizuri: uvungu. Kitanda cha futi 5 kwa 6 kina eneo la futi za mraba 30 chini yake. Ukikiinua kwa tofali, kama wengi wanavyofanya, panaingia masanduku ya bati, yale ya wanafunzi wa bweni. Mafundi wa Gerezani huyatengeneza, na kwa ndugu zetu wa Nairobi, Kamukunji imejaa mlio wa nyundo za kazi hiyo. Sanduku la bati ni bora kuliko la plastiki kwa sababu panya hawaliwezi na linabeba uzito. Chagua la kimo kifupi, kisha ndani yake simamisha vitambaa vilivyokunjwa, kimoja kando ya kingine, usivirundike. Ukifungua unaona kingo za vyote kwa mara moja na unachomoa kimoja bila kuvuruga kumi.

Ukuta ni mgumu zaidi, maana wenye nyumba wengi hawataki misumari. Tafuta chaga za kitanda kilichovunjika. Mbao ndefu mbili zikisimama na chaga zikipigiliwa kati yake kama ngazi, unapata fremu ya kuegemeza ukutani bila kutoboa chochote. Juu yake ning'iniza mkasi, futi kamba, rula na mifuko ya kazi kwa vikulabu vya waya ulivyopinda mwenyewe. Nondo za dirisha zinafaa kwa nguo iliyokamilika, ikiwa dirisha halielekei vumbi la barabara.

Kuhusu makopo na vyombo, sitakupangia. Kila nyumba ina vyake. Nitataja vichache ninavyovipenda. Ile mifuko mizito ya plastiki yenye zipu inayokuja na mashuka au blanketi jipya ni hazina: inaonyesha kilichomo na inafungika. Trei ya mayai, yenye vishimo 30, ni mahali pazuri pa kuchambulia shanga na vifungo wakati wa kazi. Kuvihifadhi humo ni makosa, kwa kuwa haina mfuniko na mtoto akiigusa tu, umekwisha. Boksi za kibiriti zinabeba sindano za mashine kwa namba zake, moja kwa kila namba: 11 kwa chifoni na vitambaa vyepesi, 14 kwa kitenge, 16 au 18 kwa jinzi. Sindano zilizochanganywa ndizo zinazoruka mshono na kumfanya mtu amlaumu fundi wa cherehani. Na ukipata redio mbovu, chomoa sumaku ya spika. Ipitishe sakafuni kila unapofunga kazi, itaokota pini zote kabla hazijaokotwa na mguu wa mtoto.

Wanaoishi pwani wana adui mwingine, unyevu wenye chumvi. Mkasi, sindano na bobini huvaa kutu ndani ya wiki za masika. Paka mafuta ya cherehani kwenye kitambaa kidogo na ufungie humo vyuma vyote, na ukishatia mashine mafuta, shona kwanza kwenye kitambaa kisicho na thamani hadi doa lisitokee tena. Masanduku yafunguliwe siku ya jua, vitambaa vipigwe upepo, vinginevyo kuvu itaanzia kwenye mikunjo ya chini ambako huangalii. Karafuu chache zilizofungwa kwenye kitambaa huacha harufu nzuri, na mteja anapoipokea nguo yake anajua imetunzwa.

Kila kazi na mfuko wake

Sasa nafika kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, linazidi mengine yote yaliyotangulia. Nyumba nyingi hupanga vifaa kwa aina: nyuzi pamoja, zipu pamoja, vitambaa pamoja, vifungo pamoja. Inapendeza machoni. Lakini kila unapoanza kazi unazunguka vituo vinne kukusanya, na kila unapofunga unavizunguka tena. Dakika tano zako zimekwenda.

Panga kwa kazi. Gauni la mteja mmoja lina mfuko mmoja, na ndani ya mfuko huo mna kitambaa, uzi wa rangi yake, zipu, vifungo, na karatasi yenye jina, vipimo vya kifua, kiuno, nyonga, bega, mkono na urefu, pamoja na tarehe ya kuchukuliwa na kiasi alicholipa. Mfuko unaning'inia kwenye fremu. Ukipata nafasi unashusha mfuko mmoja tu. Umeme ukikatika au mtoto akilia, kila kitu kinarudi mfukoni, na kesho hakuna cha kutafuta. Akiba ya nyuzi na zipu ikae kwenye sanduku lake, ifunguliwe tu unapoandaa mfuko mpya.

Faida ya pili inaonekana wakati wa msimu. Kuelekea Idd na Krismasi, na tena Januari kunapokuwa na sare za shule, kazi zinamiminika na ndipo kitambaa cha mtu kinapochanganywa na cha mwingine, kinakatwa vibaya au kinapotea. Ugomvi kati ya mafundi na wateja huanzia hapo mara nyingi. Fundi mwenye mifuko kumi kwenye fremu anaona kwa macho kwamba amejaa, na ana ujasiri wa kumwambia wa kumi na moja aje baada ya sikukuu.

Mabaki ya vitambaa yana hatari ya kuigeuza kona yote kuwa ghala. Kila kipande kinaonekana kina kazi siku moja. Weka mpaka wa salfeti moja, basi. Kipande kinachotosha mfuko wa suruali au kola kihifadhiwe, kilicho kidogo kuliko kiganja kiende moja kwa moja kwenye mto unaojazwa. Salfeti ikijaa, shona vibanio vya nywele, vitambaa vya kushikia sufuria au shuka la viraka, au uwape watoto wa jirani wanaojifunza. Usifungue salfeti ya pili.

Ukiniuliza fedha kidogo zianzie wapi, nitasema taa, kisha ubao, kisha sanduku moja la bati. Mkasi mzuri unaotumika kwa kitambaa pekee uwe wa nne, na ufiche usikatiwe karatasi. Rafu na kabati la kioo ningeviweka mwisho kabisa, baada ya kona kuwa imekulipa mara kadhaa. Anayeanza kwa kununua kabati huishia kutunza kabati.

Na ninyi mnaoishi na fundi chini ya paa moja, nina ombi. Hatua zile mbili za mraba msiziwekee ndoo, mkoba wa shule wala chaja ya simu, hata kwa dakika moja. Wenye nyumba nao, mpangaji akiomba misumari minne ya kuning'iniza kazi inayomlipia kodi yenu, mkubalieni.